Kompyuta ya Zamani Kuwa Seva ya Nyumbani: Faida Ipo, Mzigo Nao Upo

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zimebaki njia panda. Zinafanya kazi vizuri, lakini Windows 11 inazikataa kwa kuwa hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0, au prosesa zake haziko kwenye orodha inayokubaliwa. Ushauri unaotolewa upesi ni huu: weka Linux (mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows), igeuze kuwa seva ya nyumbani (mashine inayowaka muda wote kuhifadhi na kugawa faili za familia), achana na kulipia kila mwezi hifadhi ya wingu, yaani nafasi ya faili kwenye kompyuta za kampuni. Ni ushauri mzuri, na mimi ni mmoja wa wanaoutoa. Ila mara nyingi huishia pale usakinishaji unapokamilika, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Programu huria za nyumbani, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha, zimekomaa kweli. Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell mwaka 1992, huiwezesha mashine ya Linux kutoa folda ambayo Windows, Mac na simu zinaweza kuifungua kupitia mtandao wa ndani, na kompyuta yenye RAM ya GB 4 inaimudu kazi hiyo bila shida. Jellyfin huzipeleka filamu na nyimbo zilizo kwenye diski yako hadi kwenye televisheni. Nextcloud hushika faili, kalenda na namba za watu. Chini ya vyote unaweza kuweka Debian, aina mojawapo ya Linux, ambayo kila toleo lake hupata viraka vya usalama kwa takriban miaka mitano, ukijumlisha na kipindi cha uangalizi wa muda mrefu.

Hoja ya umiliki nayo ina uzito. Emby, programu ya kutazamia filamu ulizonazo, ilipofunga msimbo wake mwishoni mwa 2018, watu walichukua msimbo wa mwisho uliokuwa wazi wakaendelea nao, na ndiyo Jellyfin ya leo. Google Reader, huduma ya kusomea habari mpya za tovuti mbalimbali, ilipofungwa Julai 2013, hakuna aliyeweza kufanya vivyo hivyo; watumiaji waliondoka na orodha ya tovuti walizokuwa wakizifuatilia, programu yenyewe ikazimwa. Tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kupokea picha bila kikomo, na kila picha mpya ikaanza kula kwenye zile GB 15 za bure. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa Myspace nao ulikiri kwamba picha, video na nyimbo zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu kabla zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Anayetaka picha za wanawe zikae kwenye diski anayoweza kuigusa ana sababu za kutosha.

Upande wa pili huanza na umeme, ingawa hapo jibu ni la kipimo tu. Laptopu inayotumia wati 10 ikiwa imetulia hula takriban kilowati-saa 88 kwa mwaka. Kompyuta kubwa ya mezani inayotumia wati 60 hula 526. Zidisha kwa bei unayolipa, linganisha na ada ya wingu. Kuna nyumba ambazo mashine ya bure ndiyo itakayokuwa ghali. Laptopu ina faida nyingine: betri yake huivusha seva umeme unapokatika kwa muda mfupi. Lakini betri iliyochomekwa kwenye chaji usiku na mchana huchakaa na huweza kuvimba, kwa hiyo kama mashine inaruhusu, weka ukomo wa chaji kwenye asilimia 80 kwa programu kama TLP.

Suala zito zaidi ni usalama, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wakishauriwa vibaya. Seva ikishafanya kazi ndani ya nyumba, hamu inayofuata ni kuifikia ukiwa safarini. Njia rahisi ni kufungua lango kwenye ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani) ili intaneti yote iione. Januari 2022 genge la DeadBolt lilishambulia vifaa vya hifadhi vya QNAP, ambavyo ndani yake ni Linux, vilivyokuwa wazi kwenye intaneti. Wenye navyo walikuta faili zimefungwa na ujumbe wa kudai bitcoin 0.03. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliotaka kuona picha zao wakiwa mbali.

Tiba ipo, na ni huria: WireGuard, iliyoingizwa rasmi kwenye kerneli (kiini) ya Linux toleo la 5.6 mwezi Machi 2020. Inafungua njia moja ya siri, na asiye na ufunguo hapati hata jibu kwamba kuna kitu pale. Tatizo ni kwamba watoa huduma wengi wa intaneti huwagawia wateja kadhaa anwani moja ya IP, hivyo hakuna anwani ya umma ya kupigia hodi nyumbani kwako. Itabidi ukodi seva ndogo nje iwe kiungo, au utegemee huduma ya kampuni nyingine, na hapo ada ya kila mwezi uliyoikimbia inarudi kwa mlango wa nyuma. Kwa maoni yangu, kama huna haja ya kweli ya kufikia faili ukiwa nje, usifungue chochote. Acha simu zipeleke picha kwenye seva zikirudi nyumbani.

Kuna pia masasisho. Debian inaweza kujiwekea viraka yenyewe kila siku, lakini programu ulizoziweka kwa Docker (zana inayoendesha kila programu kwenye kasha lake) haziguswi na utaratibu huo. Hizo ni juu yako. Nextcloud hairuhusu kuruka toleo kubwa wakati wa kusasisha, na kila toleo huhudumiwa kwa takriban mwaka mmoja. Ukiiacha miaka mitatu utapanda ngazi moja baada ya nyingine, huku ukikagua kila hatua. Pi-hole, inayozuia matangazo kwa kukataa kutafsiri majina ya seva zinazoyaleta, ni mradi mwepesi ninaoupenda sana kwa anayeanza. Hata hivyo siku mashine yake ikizima na ruta haina mbadala, nyumba nzima itasema intaneti imekufa.

Kuhusu nakala rudufu, pande zote mbili hujidanganya. Wenye seva huunganisha diski mbili kwa RAID ili zibebe data ileile, wakadhani wamemaliza, ilhali faili ikifutwa inafutika kwenye zote mbili papo hapo, na mwizi akibeba boksi anabeba zote. Wa wingu nao hudhani kampuni haiwezi kupoteza kitu. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya wingu ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja wasiokuwa na nakala kwingine walipoteza data zao. Nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikae mbali na nyumba: kanuni hiyo haijali unakodi au unamiliki. Restic na BorgBackup hufanya kazi hii vizuri na husimba data (huifunga isisomeke bila nywila) kabla haijatoka nyumbani. Lakini jaribu kurejesha faili mara kwa mara, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nzima.

Barua pepe sitaizungumzia sana: iache kwa wenye kazi hiyo. Laini nyingi za nyumbani zimezuiwa lango namba 25 linalotumika kutuma barua, anwani zake hazina sifa nzuri machoni pa wapokeaji wakubwa, na barua ya mwajiri ikipotea huna wa kumuuliza.

Kinachonishughulisha kuliko vyote ni kwamba katika nyumba nyingi anayeielewa seva ni mtu mmoja. Akiugua, akisafiri au akifariki, wengine wanabaki na boksi linalowaka taa. Hata maamuzi mazuri ya usalama huongeza ugumu huu. Diski iliyosimbwa kwa LUKS, zana ya Linux ya kazi hiyo, humzuia mwizi kusoma nyaraka, lakini kwa kawaida umeme ukikatika na kurudi, mashine hukaa ikisubiri nywila ambayo mwenye nayo hayupo. Mimi bado nasimba, ila nywila iandikwe kwenye karatasi inayojulikana ilipo na angalau mtu mzima mmoja mwingine nyumbani.

Kwa sababu hiyohiyo napendelea folda za kawaida zenye majina ya miaka kuliko programu ambayo albamu na majina ya watu waliotambuliwa kwa sura hukaa kwenye hifadhidata yake. Immich, programu ya picha ya aina hiyo, ni nzuri na itumike kutazama picha, lakini nakala moja iwekwe kwenye diski ya nje ya exFAT, ambayo kompyuta yoyote ya Windows au Mac itaisoma bila kuuliza kitu. Na kama hakuna mwingine nyumbani aliye tayari kujifunza hata hatua ya kuwasha na kuingiza nywila, basi seva ibebe filamu, Pi-hole na nakala za ziada, na nakala kuu ya picha za familia iendelee kukaa kwenye huduma ya kulipia ambayo wote wanajua kuifungua.