Mkono unaoingia siniani

Nyumbani kwetu Mikindani tunakula sinia moja. Wali unamwagwa katikati, samaki wa nazi juu yake, kila mtu anakunja mkono wa nguo. Ukikulia hivyo unajifunza kula upande wako bila kutazama tonge la mwenzako, maana kumkodolea mtu macho anavyokula ni ukosefu wa adabu. Basi zilipita likizo mbili nzima kabla hatujagundua kwamba binti wa dada yangu, wakati huo ana miaka 17, hali chakula. Mkono wake ulikuwa ukiingia na kutoka kama ya wengine. Alikuwa akifinyanga kitonge kisichozidi korosho, anakichovya mchuzini, kisha anakisogeza kwa mdogo wake aliyekaa kushoto. Sisi tulichokiona ni mdogo mtu kunenepa.

Alipobanwa alisema ana vidonda vya tumbo. Ramadhani ilipokwisha akaunganisha funga sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi, kisha siku nyingine tusizozijua. Bibi yake akawa anamsifu kwa majirani: mtoto ameshika dini. Kwenye kituo kimoja cha afya alipimwa malaria, taifodi na mimba, akapewa omeprazole na dawa ya minyoo; safari ya pili akatundikiwa dripu. Siwalaumu kwa vipimo. Kijana anayekonda huku kwetu lazima kwanza atafutwe kifua kikuu, VVU, kisukari na minyoo, na anayeruka hatua hiyo kwa sababu amesoma kwenye simu habari za anoreksia, maradhi ya akili ya kujinyima chakula, mara nyingi kwa hofu ya kunenepa, anaweza kuua mtu. Ninachowalaumu ni kwamba majibu yalipotoka safi walimrudisha nyumbani, kana kwamba usafi wa karatasi ndio uzima.

Tangu hapo nimelizungumza jambo hili na walimu, wauguzi na masheikh, Mtwara na Lindi, na hoja inayonikabili ni ile ile: hayo ni maradhi ya Wazungu, au ya watoto wa Masaki. Si hoja ya kijinga. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Zipo kaya huku ambazo hela ya korosho ikikata, mlo wa pili unakuwa wa bahati nasibu. Muuguzi mmoja wa Lindi aliniambia, “Mama, wodini nina mtoto anayelilia uji. Huyo anayeukataa atanisubiri.” Nilinyamaza. Mpaka leo sina maneno ya kuyafuta hayo.

Upande huo una silaha nyingine, ya mila. Kusini mwili mnene haujawahi kuwa aibu. Mwali wa unyago anawekwa ndani, analishwa, na siku ya kutoka anatarajiwa ang'ae na kunawiri. Akitoka amesinyaa, maswali yanaelekezwa kwa waliomlea. “Umenenepa!” bado ni salamu ya mapenzi, na “umekonda, una nini?” ni salamu ya wasiwasi. Katika jamii ya namna hii, wanauliza, hofu ya kunenepa itaingilia mlango gani?

Iliwahi kuulizwa hivyo hivyo Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki ambako nako mwili mkubwa ulikuwa sifa. Televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Anne Becker, daktari wa akili na mwanaanthropolojia kutoka Marekani, aliwapima wasichana wa shule mwaka huo, akarudi kupima tena 1998. Wasichana waliosema wanajitapisha ili wadhibiti uzito walitoka sifuri wakafika zaidi ya asilimia 11. Miaka mitatu tu. Sisi wa Kusini tumezoea mambo kutufikia kwa kuchelewa. Kabla ya Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, masika ilikuwa ikitukata na Dar es Salaam kama kisu. Lakini simu haikungoja kivuko. Siku hizi binti wa Tandahimba na binti wa London wanatazama kiuno kile kile usiku ule ule, na neno kimbaumbau, lililokuwa tusi utotoni mwangu, limepata mwenzake wa sifa: modo.

Hata hivyo mfano wa Fiji naupenda nusu. Wanaoushika sana huishia kusema tatizo lote ni mitandao, tukizima simu limekwisha. William Gull alikwisha kuyapa maradhi haya jina la anoreksia nevosa jijini London mwaka 1873, hakuna hata redio. Halafu mfano huo unatufanya tumngoje mgonjwa mwenye kusema “naogopa unene”, na wa kwetu hasemi. Wa kwetu anasema tumbo limejaa, au amefunga.

Kwa hiyo naona utafiti wa Ghana unatuhusu zaidi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004: wanafunzi wa kike 668 wa sekondari kaskazini mashariki mwa nchi hiyo walichunguzwa, wakapatikana 10 waliokonda kwa kujinyima chakula, bila maradhi mengine yaliyoonekana. Hawakuwa wakihofia unene. Walikuwa wakifunga kwa ajili ya dini, na waliona kujizuia kule kuwa ni usafi na nguvu ya nafsi. Hong Kong nako daktari Sing Lee alieleza wagonjwa waliosema tumbo limevimba, hawana hamu, bila kutaja uzito kabisa. Mtu anaweza kupinga, na wapo waliopinga: je, hao wa Ghana ni wagonjwa au ni wacha Mungu? Swali zuri. Jibu langu nimelitoa kwa bibi yetu, si vitabuni. Yeye amefunga tangu ujana wake, na jua likizama hufuturu kwa furaha, anagombea tende. Binti yetu adhana ilikuwa ikimpata jikoni, anatafuta sababu ya kuendelea kuosha vyombo. Saumu ina mlango wa kutokea. Yake haikuwa nao.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoandikwa upya mwaka 2013 nao ulilegeza kamba: mgonjwa halazimiki kutamka hofu ya unene ikiwa matendo yake yanazuia mwili usiongezeke, na kukosa hedhi si sharti tena. Hilo la pili limewaingiza wavulana mlangoni, ambao wapo ingawa hatuwasemi. Yupo kijana anayekimbia asubuhi na jioni, anayegombana na mama yake kwa kijiko kimoja cha mafuta, na mtaa mzima unamwita mwanamichezo.

Tulichopaswa kukiona mapema si mifupa. Wengi wenye maradhi ya ulaji hata hawajakonda. Wenye bulimia, ambayo Gerald Russell aliieleza kitaalamu mwaka 1979, hula kwa pupa kupita kiasi kisha wakajitapisha au kujiharisha, na uzito wao mara nyingi ni wa kawaida tu. Utawajua kwa mengine: kwenda msalani kila baada ya mlo na kuacha bomba linamwagika, mashavu kuvimba chini ya masikio kama mwenye matumbwitumbwi, sugu kwenye vifundo vya vidole, meno kulika. Kwa anayejinyima, tazama baridi: mtoto anayevaa sweta Mtwara mwezi wa Desemba anakwambia kitu. Kizunguzungu akisimama, vinywele laini mikononi, hedhi kupotea. Na kupika. Binti yetu alikuwa mpishi wa nyumba nzima. Usiku kucha anatazama video za mapishi, alfajiri anakanda chapati ambazo hatozionja. Nani atamtilia shaka mpishi? Baadaye niliposoma jaribio la Minnesota la miaka ya 1944 na 1945, ambapo Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema, nilikuta mambo yale yale: waume wazima wakikusanya vitabu vya mapishi, wakiota vyakula, wakikokota mlo mmoja saa nzima. Njaa yenyewe hubadilisha akili. Sehemu ya ule ukaidi tuliomgombeza nao haikuwa tabia yake, ilikuwa njaa ikisema.

Neno juu ya sanamaki, majani ya kuharisha, kwa kuwa inauzwa kila kona na siku hizi imefungwa kwenye pakiti nzuri ikaitwa chai ya kupunguza tumbo. Inachotoa ni maji zaidi kuliko mafuta. Ikitumiwa kila siku hupoteza potasiamu, madini yanayoongoza mapigo ya moyo, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kusimama kwa mtu ambaye jana alikuwa anacheka. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi, na moyo ni njia mojawapo. Kujiua ni nyingine.

Sasa tiba, na hapa ndipo ninapoachana na muuguzi wangu wa Lindi. Yeye anadhani tunamdai wodi mpya na mtaalamu kutoka Muhimbili. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa vijana wenye anoreksia hufanyika nyumbani, mezani. Ilianzia hospitali ya Maudsley, London: wazazi wanashika ulishaji wote, mlo kwa mlo, bila kumlaumu mtoto, akipata nafuu wanamrudishia madaraka kidogo kidogo, mwisho ndipo yanazungumzwa mambo mengine ya ujana. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010, lenye vijana 121, mwaka mmoja baada ya tiba waliopona kabisa walikuwa asilimia 49 kwa njia hiyo, dhidi ya 23 kwa waliotibiwa peke yao bila familia. Kumkalia mtu mpaka ale! Huku Kusini hiyo kazi ina watu tayari: mama, bibi, shangazi, kungwi.

Lakini nusu ya wale walimu niliozungumza nao wanaipinga, na wana haki ya kusikilizwa. Familia zetu zinajua kulisha, hazijui kunyamaza. Mama mkubwa anayekaa pembeni akisema “kula, unatutia aibu, watasema una ngoma” anaongeza maradhi. Tena nyumba nyingine ndiyo chanzo cha jeraha, na huwezi kumkabidhi mtoto kwa anayempiga. Mwalimu mmoja wa bweni aliongeza la kwake: ukisimama mstarini ukawaeleza wanafunzi 600 mbinu za wagonjwa, utakuwa umewafundisha. Hilo nakubaliana naye moja kwa moja. Metroni na mpishi waelezwe dalili, wanafunzi waambiwe tu nani wa kumfuata.

Na ipo hatari ambayo bibi hawezi kuijua. Mwili ulioshinda njaa kwa muda mrefu ukijazwa ghafla, madini ya damu, hasa fosfeti, huporomoka, na mtu anaweza kufa kwa kushiba. Dripu ya sukari kwa mgonjwa wa namna hiyo bila vitamini B1 ni mchezo wa hatari. Namshukuru Mungu ile aliyotundikiwa kituoni haikumdhuru. Ndiyo maana kabla ya meza lazima ipite hospitali: mapigo ya moyo (mchana yakiwa chini ya 50 kwa dakika, kijana huyo ni wa kulazwa), shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, joto, potasiamu, kipimo cha umeme wa moyo. Fosfeti haipimwi kwenye zahanati, kwa hiyo ni safari ya rufaa, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Lakini kushika kifundo cha mkono na kuhesabu kwa saa ya simu hakuhitaji rufaa, na muuguzi anaweza kuhesabu huku yule mtoto wake wa uji akila. Kwa bulimia mambo ni tofauti: maongezi ya tiba kwa vikao vipatavyo 20, kurudisha ratiba ya milo, na kwa watu wazima dawa ya fluoksetini husaidia. Hapo nakiri tumepungukiwa; wa kuendesha vikao hivyo kwa Kiswahili, Masasi au Nachingwea, ni kumtafuta kwa tochi.

Kwetu aliyefungua njia ni sheikh wa mtaa. Alikuja baada ya Isha, akakaa kibarazani, hakutaja mwili wala uzito. Alimsomea aya ya 184 ya Suratul Baqara, mgonjwa ana ruhusa ya kula, akamwambia, “Mwanangu, ruhusa hii umepewa wewe.” Binti alilia mpaka daku. Kesho yake alikubali kwenda kupimwa moyo.

Sasa ana miaka 20 na yuko chuo. Akija likizo anapakuliwa sahani yake peke yake, mimi naketi naye mpaka imalizike, tunazungumza habari za tamthilia. Kuna siku inachukua dakika 15, kuna siku saa nzima na wali umekauka. Bibi anatutazama kutoka kwenye sinia. Hajaacha kusema kwamba kula sahani mbalimbali ni kugawa nyumba.