Nimeajiriwa Kupindua Mti, Nasukuma Kitufe

Jamani, hivi mnajua mtu wa programu akienda kwenye usaili anaulizwa nini? Haulizwi amewahi kutengeneza nini. Anapewa kalamu, anaoneshwa ubao, anaambiwa: pindua mti.

Mti wenyewe si mwembe wala mnazi. Ni mti wa kwenye kompyuta, na wataalamu wetu huuchora mzizi juu, matawi yananing'inia chini, kama ule mbuyu wa kwenye hadithi. Yaani tayari umepinduka! Nikadhani nikiupindua tena mzizi utarudi ardhini, angalau tupate kivuli. Wapi! Kupindua kwao ni tawi la kulia liende kushoto, la kushoto liende kulia. Mzizi unabaki hukohuko hewani.

Na msidhani nalialia peke yangu. Max Howell, aliyeanzisha Homebrew, ile programu ya kusakinishia programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, mwaka 2015 alilalamika hadharani kwamba Google wamemkataa, na kisa alichokitaja ni mti huohuo. Kwa maelezo yake, wahandisi wao karibu wote wanaitumia kazi yake. Kazi wanaitaka, mwenyewe hawamtaki!

Hapo ujue umeshavuka tangazo la kazi. Sebastián Ramírez, aliyeitengeneza FastAPI, zana ya kuundia huduma za mtandaoni, mwaka 2020 alikuta tangazo la kazi linalotaka uzoefu wa FastAPI wa miaka minne na zaidi. Yeye alikuwa ameitengeneza mwaka mmoja na nusu tu uliopita. Baba wa mtoto hana sifa za kumlea mwanawe.

Mimi jopo likaniuliza: kwenye orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, utalipataje jina moja haraka? Hilo nalijua. Unafungua katikati, unatupa nusu isiyohusika, unafungua tena katikati, unatupa nusu. Hatua 20 umelipata. Wakatazamana, wakaridhika, nikaajiriwa.

Siku ya kwanza nikauliza nywila ya seva anayo nani. Ofisi nzima hatujazi hata Noah mbili, lakini mpaka leo tunaitafuta. Inasemekana anayo jamaa mmoja aliyehamia Dodoma, na simu hapokei.

Na mti? Sijauona tena. Kazi yangu ni kitufe, kile cha kubonyeza kwenye skrini. Bosi akasema kiwe cha bluu, kikawa. Mteja akasema bluu imezubaa, ijaribiwe rangi ya chungwa. Mtu wa masoko akaona chungwa inatisha wateja. Kila asubuhi tuna kikao cha kusimama, eti tukisimama tutamaliza haraka. Tunasimama mpaka miguu inakufa ganzi, ajenda ni kitufe.

Juzi Ijumaa, saa kumi na moja jioni, begi liko mgongoni, nawaza foleni ya Mwenge. Bosi huyo.

"Mdogo wangu, kabla hujatoka, kuna kakitu kadogo tu. Dakika mbili."

Kakitu kenyewe: malipo ya simu yaingie kwenye mfumo, yakikwama pesa ijirudishe yenyewe kwa mteja, na Jumatatu asubuhi watu waanze kulipa.

Nikavua begi. "Sawa bosi. Na kile kitufe?"

"Kirudishe kijani. Ileile ya mwanzo, ila ichangamke kidogo."