Kumbikumbi Mombasa: kula ni rahisi, kuuza kuna masharti

Mvua ya masika ikipiga, na tena ile ya vuli, kumbikumbi hujaa kwenye taa za Kisauni, Likoni na Mikindani. Kwa wengi ni kazi ya kufagia mbawa asubuhi. Kwa jirani aliyetoka Siaya au Busia ni kitoweo cha bure, na wapo wanaouliza kama hakiwezi kuwa riziki. Hoja ya kinyaa ndiyo husikika kwanza, ila ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote.

Upande wa wanaounga mkono una nguvu. Kumbikumbi mkavu ni mafuta karibu nusu ya uzito wake, na protini kama theluthi. Hadai shamba wala chakula. Kuvuna wanaoruka hakumalizi kichuguu pia, kwani wachache mno kati yao hufika kuanzisha kichuguu kipya; wengine huliwa na ndege na mijusi. Anayeharibu ni yule anayechimba kumfuata malkia. Kwa matumizi ya nyumbani kazi ni nyepesi: taa moja, na beseni pana la maji chini yake, wakianguka hawaruki tena. Wachuje, wakaange bila mafuta juu ya moto mdogo ukikoroga, maana watatoa mafuta yao wenyewe. Tia chumvi, kisha wapete kwenye ungo mbawa zitoke.

Ugumu huanza wanapotakiwa kukaa wiki kadhaa. Mafuta yale yale huchacha upesi, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Tena msimu wao ni wa mvua, wakati ambapo jua la kuanikia halitegemeki. Wakirundikwa hai kwenye gunia hupata joto, hufa, na kufikia alfajiri wameanza kuoza. Kuchemsha kwa dakika tano huua bakteria wengi, lakini si mbegu za bakteria zinazostahimili moto. Waliochemshwa wakilala na majimaji usiku kucha, hizo huamka na kuzaana. Basi chemsha na ukaushe siku hiyo hiyo: tabaka moja juu ya wavu ulioinuliwa, chandarua juu yake, na uwaingize ndani kabla ya magharibi. Mawingu yakitanda, tumia oveni au kaushio la moto mdogo. Aliyekauka huvunjika ukimbana vidoleni. Anayepinda bado ana maji, na akipakiwa hivyo ataota ukungu. Chombo kiwe kinachofunga kabisa.

Asili ya mdudu nayo ina uzito. Nyumba nyingi hupigwa dawa ya mchwa kwenye msingi kabla ya kumwaga zege. Kumbikumbi wanaotoka kando ya kuta hizo hawafai kuliwa, wala wanaookotwa barabarani penye mafuta ya magari. Nzige waliovamia Kenya mwaka 2020 walileta hatari hiyo hiyo, kwa kuwa makundi yao yalikuwa yakinyunyiziwa dawa.

Kuna pia suala la dini, na halifai kupuuzwa katika mji huu. Nzige ni halali kwa hadithi inayomtaja pamoja na samaki. Wadudu wengine, kwa wanachuoni wengi wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa sana pwani, hawaliwi. Muuzaji asiwakaange katika karai la viazi au bajia na kumficha mteja. Aseme wazi pia kwamba mwenye mzio wa kamba au kaa anaweza kudhurika, kwa sababu protini za viumbe hawa zinafanana.

Kwa hiyo kumbikumbi wa mjini wabaki mezani kwa aliyewavuna. Anayetafuta biashara ni heri afuge nyenje. Joto la Mombasa, ambalo bara hulazimika kulinunua kwa kuni au umeme, hapa ni bure, na mzunguko wao, kutoka yai hadi kuvunwa, huchukua miezi miwili hadi mitatu. Wape chakula cha kuku na mboga za majani, na maji kwenye pamba iliyoloweshwa, maana huzama kwenye sahani. Pamba hiyo hiyo ndimo jike hutagia. Ondoa mabaki ya chakula kila siku kabla hayajaota ukungu, na usimamishe miguu ya meza inayobeba ndoo zao ndani ya makopo ya maji: sisimizi wakipata njia, ndoo nzima huisha usiku mmoja.