Engaruka: walijimaliza wenyewe au maji yaliwakimbia?

Watu wengi wanaamini ustaarabu ukishakata miti yake na kuchosha udongo wake basi umejichimbia kaburi. Kwa sehemu nakubali, ila Engaruka inanisumbua.

Iko Monduli, mkoani Arusha, chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa, sehemu kavu ya mvua za kubahatisha. Kuanzia kama karne ya 15 hadi ya 18 watu walilima pale karibu hekta 2,000, mtama hasa, kwa mifereji ya mawe iliyovuta maji ya mito inayoshuka milima ya Ngorongoro. Halafu wakaondoka, mawe yakabaki.

Wanaosema walijimaliza wana pointi. Ukifyeka msitu wa juu, masika maji yanakuja kwa kishindo na kiangazi mto unakata, na shamba linalolimwa mwaka nenda mwaka rudi karne nzima lazima lichoke.

Lakini angalia mashamba yenyewe. Wataalamu walipochimba walikuta sehemu kubwa ya ule udongo haukuwepo mwanzo, uliletwa na maji, watu walipanga mawe, maji ya tope yakifika yanapunguza mwendo, tope linatulia nyuma ya mawe, mwaka huu kidogo mwakani kidogo mpaka shamba linapanda juu. Yaani mmomonyoko wa huko mlimani, ambao sisi tunauita uharibifu tu, wao waliugeuza shamba! Siwezi kuwaita hawa watu wasiojali ardhi.

Hata Rapa Nui, kile kisiwa cha Pasifiki kinachotajwa kila siku kama mfano wa watu waliojimaliza kwa kukata miti, miti iliisha kweli, ila utafiti wa DNA wa 2024 haukuona dalili ya watu kupukutika kabla ya Wazungu. Kilichowamaliza ni watekaji watumwa kutoka Peru kuanzia 1862 na magonjwa, mpaka 1877 wakabaki 111 tu.

Kwa hiyo mimi naona kukata miti peke yake hakuui jamii, kinachoua ni kutegemea chanzo kimoja halafu hicho chanzo kiguswe, iwe na ukame, iwe na jirani mwenye nguvu, iwe na mikono yetu. Engaruka, nadhani maji yalipopungua hawakuwa na pa kuegemea.

Ndo maana nikifikiria Ruaha Mkuu roho inaniuma. Ule mto ulikuwa unatiririka mwaka mzima, tangu 1993 kiangazi unakatika kabisa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi yanayonuka. 2006 wafugaji wakaondolewa Usangu, bonde ambako mto unapita kabla ya kufika hifadhini, na mifugo yao na mto ukaendelea kukauka vilevile, maana huko juu kuna mifereji ya mpunga inayovuta maji hata mavuno yakiwa yameshaisha, yanamwagika tu kwenye mabua. Hiyo ndo ya kufunga kwanza, kabla hatujamtafuta mwenye ng'ombe.