Ukifufua kihamba, panga wikendi ya kuondoka

Kufufua kihamba kilichotelekezwa, yaani shamba la nyumbani la Wachagga lenye kahawa na migomba, ni kazi ya miaka. Mbuni mzee ukikatwa shina Januari hii, usitegemee mavuno ya maana kabla ya msimu wa pili au wa tatu. Ukikata yote kwa mpigo umejinyima kahawa kabisa, ndiyo maana wanaojua hukata robo au theluthi ya mibuni kila mwaka. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kumwambia mtu kwamba hii si kazi ya kubanwa kwenye likizo moja. Hata hivyo, katika miteremko ya Kilimanjaro utawakuta watu waliorudi kufufua kihamba cha wazee wao wakikesha nacho Jumamosi na Jumapili, mwezi baada ya mwezi, kana kwamba kupumzika ni uvivu.

Naamini wanakosea, na hasara yake inaonekana shambani. Mwili uliochoka hupona kwa usingizi, lakini maamuzi yanayofanywa kwa uchovu hayarudi nyuma. Mtu aliyechoka huangusha mti wa kivuli kama mruka au mringaringa kwa sababu tu unamziba njia ya toroli, wakati kivuli chake ndicho kinachoilinda mibuni na jua kali, na mwingine wa kimo hicho hataupata hivi karibuni. Huacha msumeno na kukata shina la mbuni kwa panga ili amalize haraka. Panga hupasua kisiki, maji huingia kwenye mpasuko na kuoza kunaanzia hapo. Shina linakatwa kwa msumeno, sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yateleze, kisha jeraha linapakwa rangi au dawa ya shaba. Machipukizi yakitoka, unabakiza mawili au matatu yenye nguvu yaliyoshika vizuri kwenye kisiki na kung'oa mengine. Kazi hiyo inataka jicho lililotulia.

Kwa hiyo ondoka siku mbili. Sharti ni kwamba uondokaji upangwe Jumatano, maana Ijumaa jioni umeshachelewa.

Zipo kazi ambazo hazianzwi mwisho wa wiki. Ya kwanza ni saruji. Watu wengi hukarabati tangi la zamani la maji kwa plasta ya saruji moja kwa mchanga tatu, wanamaliza Ijumaa, wanafunga geti na kushuka mjini. Plasta hiyo inatakiwa ibaki na unyevu kwa siku saba, ifunikwe magunia yaliyolowa na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Jua la Jumamosi moja linatosha kuikausha kabla haijashika sawasawa. Inatoa nyufa nyembamba kama unywele, ambazo huzioni mpaka tangi lijazwe na ukuta wa nje uanze kutoa jasho. Ukiweza, piga plasta Jumatatu, na siku mbili za mwisho mwachie mtu wa kuimwagia maji.

Ya pili ni miche. Mche uliotolewa kwenye kiriba na kupandwa Alhamisi, mvua isiponyesha, Jumapili unaukuta umelegea. Kuchimba mashimo ni tofauti: shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukitengwa na wa chini, linatakiwa likae wazi wiki kadhaa kabla ya kurudishiwa udongo wa juu uliochanganywa na debe la samadi iliyooza. Hiyo ndiyo kazi ya Alhamisi na Ijumaa. Unaondoka, na shimo linaendelea na kazi yake bila wewe.

Ya tatu, na hii naisisitiza, ni moto. Usichome matawi na visiki siku ya kuondoka. Moto hupita chini kwa chini kwenye mizizi mikavu na kuibuka mahali usipotarajia, pengine kwenye majani makavu ya migomba karibu na nyumba. Kwa kweli usichome kabisa: matawi ni kuni, na majani ni matandazo. Kinachostahili kuchomwa ni shina lenye bungua, mdudu anayetoboa shina la mbuni, lile lenye unga wa mbao na vijitundu karibu na ardhi, na hilo lichomwe asubuhi ya siku ambayo utakuwepo hadi usiku.

Msimu wa kuchuma una masharti yake. Kahawa nyekundu iliyochumwa leo imenywe maganda leo. Ikishamenywa, punje zinakaa kwenye beseni la kuvundikia, na ukanda wa juu wenye baridi huchelewa zaidi kuliko wa chini, siku moja na nusu hadi mbili au hata zaidi. Saa haikwambii zimeiva. Unapima kwa kuzisugua mkononi mpaka ute uishe na usikie zinakwaruza. Zikizidisha muda zinachacha, na punje chache zilizonuka huharibu kahawa yote. Kama hakuna mtu wa kuaminika anayejua kupima hivyo, ama usichume wiki hiyo, ama peleka kahawa mbichi kwenye mtambo wa chama cha msingi, kama chama chenu kinao.

Ijumaa mchana safisha bomba la kupulizia. Dawa ya shaba ikibaki ndani hutuama na kuganda kwenye nozeli na chujio, na Jumatatu bomba linatoa matone badala ya ukungu. Suuza mara tatu, pampu maji safi yatoke mpaka mwisho, fungua nozeli uioshe peke yake kwa mswaki mkuukuu. Usiitoboe kwa waya, tundu litapanuka na dawa itamwagika bila kipimo.

Halafu maji. Kama zamu yako ya mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, inaangukia Jumamosi, badilishana na jirani mapema, mbele ya msimamizi wa mfongo. Zamu iliyopotea haidaiwi. Mtu unayemwachia ng'ombe mlipe ujira wa siku hizo mbili, hata kama ni ndugu, na umwoneshe majani yaliyokatwa yalipo pamoja na maji. Maelezo ya simu ukiwa njiani hayatoshi.

Uende wapi? Dar es Salaam hapana. Ni zaidi ya kilomita 500, wikendi yote itaishia kwenye basi. Lushoto ni pazuri, ila ni baridi na makonde kila upande, na mkulima aliyechoka atashinda anakagua matuta ya watu. Mimi natetea Chemka, chemchemi ya kuogelea chini ya Boma Ng'ombe. Maji ni maangavu na vuguvugu, mikuyu imeyafunika kwa kivuli, na misuli ya mgongo iliyobeba samadi inalegea humo kuliko kitandani. Barabara ya mwisho ni vumbi tupu kiangazi na tope masika, kwa hiyo ulizia hali yake kabla ya kukodi bajaji. Jumamosi watu hujaa, basi fika kabla ya saa nne asubuhi au nenda Jumapili mapema.

Jumapili rudi saa kumi alasiri, ili upate mwanga wa kukagua kitalu, mfongo na zizi. Msumeno usiuguse mpaka Jumatatu.