Hiyo sifuri mnamlindia nani?

Jumamosi nililipa shilingi 500 kuangalia mtu akikaa chini.

Si kuanguka, kukaa. Holi siitaji, mnaijua, ni hizi zetu za Eastlands, Nairobi, ambapo spika inakwaruza tangu saa nane na muuza mayai anapita katikati ya raundi kama hakuna kitu inaendelea. Pambano kuu lilikuwa la kijana wa mtaa, ameshinda tisa hajapoteza, yaani 9-0, na hiyo sifuri ndiyo inalindwa kama yai, uso wake umebandikwa kwa kila mlingoti wa stima kutoka Makongeni hadi Donholm, na MC akamtangaza mgeni wake kama "mpinzani wa kimataifa" watu wakapiga makofi. Mpinzani wa kimataifa akapanda ulingoni na bukta ameikunja kiunoni mara mbili. Ukiona bondia amevaa bukta ya kuazima ujue jioni yako imeisha. Jab mbili, zile ngumi za kunyoosha, halafu ngumi moja ya mbavu ambayo mimi nilikuwa safu ya tatu na sikuiona ikifika, jamaa akapiga goti, akageuka kuangalia kona yake, kona ina watu wawili ambao amekutana nao siku hiyo hiyo, akaamua kukaa. Refa akahesabu hadi kumi pole pole, kwa heshima kabisa. Mziki ukafunguliwa, promota akapanda na suti yake ya bluu kuinua mkono wa kijana mbele ya simu zote zile, kumi bila kupoteza, na mzee aliyekaa nyuma yangu akasema, "Hata mimi ningemchapa huyo." Na kusema ukweli angemchapa.

Nilimpata mpinzani wa kimataifa nje akingoja kulipwa. Ametoka Arusha, amevuka Namanga usiku, kazi yake ni bajaji. Nikamnunulia chai na chapati mbili kwa mama wa pale getini.

"Kaka, mimi nilipigiwa simu Alhamisi," akaniambia. "Niliambiwa raundi nne, kilo 61. Nafika hapa naambiwa nane, na huyu mwenzangu unamuona alivyo."

Nilimuona. Huyo kijana wetu kama ni kilo 61 basi mimi ni kilo 40. Nikamuuliza sasa mbona hakukataa.

"Nikikataa, nauli ya kurudi ananipa nani?"

Sijaandika hii kumlilia, hakuniomba, alikula chapati zake akashukuru akaenda kungoja pesa. Lakini hiyo chai imenikaa kooni wiki mzima.

Najua mtaniambia ndondi ni biashara na hakuna bondia alianza kwa kupigana na simba. Sawa, nakubali, shingo upande. Kumchagulia kijana wapinzani si dhambi, ni kazi, na kuna watu wameifanya kwa ufundi kama seremala anayechagua mbao. Bruce Trampler amekaa Top Rank, kampuni ya mapromota wa Marekani, miaka na mikaka kazi yake ni hiyo tu, nani apigane na nani na lini, na kwa mikono yake wamepita Oscar De La Hoya na Floyd Mayweather wakiwa vijana, kabla wawe mabingwa. Hakuna mtu anawaita hao mabondia wa mchongo.

Ama chukua Tyson, maana mtaani kila mtu ni profesa wa Tyson. Alianza kulipwa Machi 1985 na kabla mwaka uishe alikuwa amepigana mara 15. Mara 15! Huku kwetu mtu akipata mbili kwa mwaka anatoa shukrani kanisani. Wengi wa wale 15 hawakumaliza raundi ya kwanza na walichaguliwa kwa sababu hawangemaliza, hakuna siri hapo. Mameneja wake, Jim Jacobs na Bill Cayton, walikuwa wanakusanya hizo KO, yaani watu wakilazwa chini, kwa kanda za vidio wanawatumia waandishi na watu wa televisheni, kwa hivyo watu walimwogopa Tyson kabla hata wajue anapiganaje. Hiyo ni kuuza jina, na waliuza vizuri. Lakini angalia walichofanya baadaye, maana hapa ndipo promota wetu walikuwa wamelala darasani. Mei 1986 wakampa James Tillis, mtu wa kazi, mjanja, anajua kuzunguka na anajua kukumbatia. Raundi kumi zote. Tyson akashinda kwa pointi, hoi, amekutana na mtu anayepigwa na bado yuko. Wangeweza kumrudisha kwenye mteremko baada ya hapo apumzike. Wapi! Mwezi huo huo, siku 17 tu, wakampa Mitch Green, raundi kumi tena. Novemba akamlaza Trevor Berbick raundi ya pili akawa bingwa wa dunia wa shirika la WBC na miaka 20. Wale wa kwanza walimpa jina, Tillis na Green wakampa mapafu. Na kila mmoja kwa ile orodha aliwekwa pale afundishe kitu, huyu mrefu, huyu anakimbia, huyu kichwa ngumu, huyu mchafu anapiga chini ya mkanda refa akigeuka.

Sasa huyu wetu wa kumi bila kupoteza amefundishwa nini? Nimemuona mara sita. Sijawahi kumuona akirudi nyuma. Sijawahi kumuona na damu kwa jicho, sijawahi kumuona raundi ya tano, sijui kama anajua kushika mtu akizidiwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumzidi. Hook yake ya kushoto, ile ngumi ya kuzungusha, ni tamu, wacha niwe mkweli, ana mkono wa Mungu huyo kijana, lakini anaangusha mkono wa kulia kila akiitupa, na hakuna mtu amewahi kuja hapo kumlipisha hilo kosa. Asiyefunzwa na mamaye tunajua hufunzwa na nani. Huyu mama yake wa ulingoni amevaa suti ya bluu na hataki kumfunza.

Na msidhani huu mchezo ulizaliwa Jogoo Road. Uingereza kwa zile holi ndogo mambo ni yale yale, bondia wa nyumbani anapewa tiketi auzie mabinamu na watu wa baa, na kwa hizo tiketi ndio mgeni analipwa. Mgeni kazi yake ni kupoteza. Lakini jamani, kuna kupoteza na kupoteza! Peter Buckley wa Birmingham alipigana mara 300 akapoteza 256, akastaafu 2008, na ile ya mwisho akashinda. Kristian Laight naye 300, amepoteza 279. Ukisikia hizo namba unacheka, halafu ukitazama vidio unaacha kucheka. Hao ni walimu. Anajifunika vizuri, anampa kijana raundi sita za maswali, anamkanyaga kidogo, anamnong'oneza upuzi sikioni, anaenda nyumbani bila jeraha na wiki ijayo yuko mji mwingine. Naseem Hamed mwenyewe, yule Mwingereza aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alipita kwa mikono ya Buckley. Yule wangu wa bajaji si Buckley. Yule ni mtu aliyeitwa Alhamisi.

Halafu hii ibada ya sifuri ilitoka wapi? Mnamlaumu Mayweather na 50-0 yake. Na mimi namlaumu, alimngojesha Manny Pacquiao wa Ufilipino kutoka 2009 hadi Mei 2015 mmoja ana miaka 38 mwingine 36, tukakesha Nairobi hadi alfajiri kuangalia watu wakipigana kwa adabu. Lakini hata yeye kabla ya hizo hesabu zake alipigana na Diego Corrales, alipigana na José Luis Castillo, watu wagumu, na ile ya kwanza ya 2002 mimi hadi kesho nasema Castillo ndiye alishinda, njooni tubishane. Sifuri yake ilipita motoni. Hii yetu imehifadhiwa kwa friji.

Na huku nyumbani tuna mtu wa kutuonyesha kwamba sifuri si kitu. Fatuma Zarika alipochukua mkanda wa WBC 2016 alikuwa na vipigo zaidi ya kumi kwa rekodi yake. Zaidi ya kumi. Alienda Michigan akamnyang'anya Alicia Ashley hukohuko kwao Marekani, halafu 2018 akaenda Mexico akamshinda Yamileth Mercado kwao, ile ya 2019 Mercado akajilipizia, sawa, ndio ndondi. Hakuna aliyemlindia huyo mama chochote. Kila raundi ngumu aliyopitia kabla ya hapo ilikuwa imelipiwa.

Sasa hasira yangu yenyewe iko hapa, na kama umechoka kusoma soma hii aya peke yake. Hiyo kumi bila kupoteza haitengenezwi ili kijana awe bingwa. Inatengenezwa iuzwe. Kuna promota mahali Ulaya ana kijana wake pia, naye anamjenga, naye anahitaji mtu wa kupigwa, lakini televisheni ya huko imechoka kuona watu wa 3-19, walioshinda tatu wakapoteza 19. Anataka mpinzani mwenye namba nzuri. Mwafrika, hajapigwa, kumi kwa kumi, KO nane, hiyo kwa bango inameta. Hakuna mtazamaji ataingia kutafuta hao kumi walikuwa nani na wangapi walikuwa wa bajaji. Simu inapigwa, viza inaharakishwa, na yule aliyekuwa analishwa kuku wiki baada ya wiki anaamka siku moja ndani ya ndege na yeye ndiye kuku. Anachapwa raundi ya tatu mbele ya watu wasioweza kutamka jina lake. Na suti ya bluu imekula mara mbili, imekula tiketi zetu hapa na imekula asilimia yake kule, na kijana akirudi na 10-1 hatapigiwa tena, atatafutwa mwingine wa miaka 19 waanze moja.

Mara moja moja kuku anakataa. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, bondia wa Tanzania, aliitwa Birmingham aje kuwa mgeni wa Sam Eggington, nyumbani kwa Eggington, na pengine mtu alisahau kumwambia alichoitiwa, maana raundi ya pili refa alikuwa anamwokoa Mwingereza. Tanzania nzima ilipasuka na sisi tukapasuka nayo, na Machi mwaka uliofuata alipopigana hapa Nairobi, KICC, usiku ule Zarika alipigana na Catherine Phiri, mlimshangilia kama ametoka Kariobangi. Lakini ni mara ngapi hiyo? Tunaihadithia hiyo hadithi kwa sababu iko moja.

Hata matajiri hupanga vibaya, wamuulize Anthony Joshua, bingwa aliyepigwa Juni 2019 na Andy Ruiz, mbadala wa dakika za mwisho. Na Marekani angalau tangu 2000 wana sheria yenye jina la Muhammad Ali inayotenganisha promota na meneja, mtu mmoja asikuuze na wakati huo huo awe ndiye anakutetea bei. Jumamosi mimi nilimuona mtu mmoja ambaye ni promota, ni meneja wa kijana, na baadaye nikamuona akiwapakia majaji kwa gari lake awapeleke steji. Mtu mkarimu sana.

Haya, na yeye nimpe haki yake. Holi inalipiwa, daktari analipiwa, ambulensi inalipiwa, wadhamini hawapokei simu kama wewe si kampuni ya mpira, na watu wa mtaa hawaji kuona kijana wao akifundishwa, wanakuja kumuona akishinda. Kijana akipoteza, holi ijayo iko nusu. Hiyo ni kweli. Hata mimi nilisimama nikapiga makofi kabla ya kujishika.

Ila kuna kitu hakinitoki. Robert Wangila alileta dhahabu kutoka Seoul 1988, bondia pekee wa Kenya aliyewahi kuileta, na Julai 1994 akafariki Las Vegas baada ya pambano na David Gonzalez, ana miaka 26. Sisemi alipangiwa vibaya, simuonyeshei mtu kidole. Nasema tu mchezo huu unaua hata walio bora kabisa, waliojiandaa, wenye daktari mzuri na refa mzuri. Sasa wewe unamchukua dereva wa bajaji, umempigia Alhamisi, umemdanganya kilo na umemdanganya raundi, unamweka mbele ya hook ile. Siku ile ngumi ya mbavu ikiwa ya kidevu, na ikifika kweli, utamwambia nini mama yake? Kwamba ilikuwa pambano la kimataifa?

Kijana mwenyewe namjua, mama yake ndiye ananiuzia sukuma. Jana usiku amenitumia bango kwa WhatsApp. "Anko, Mungu ametenda, nimepata safari." Ni Ulaya, nchi siitaji, na mwenyeji uso wake ni mkubwa mara tatu kuliko wake. Nikamuuliza ni lini. Siku tisa. Nikamuuliza kilo ngapi, akasema watapanga akifika. Raundi ngapi? "Nane ama kumi hivi, promota amesema nisiwe na wasiwasi."

Nimeandika jibu nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwishowe nikamwambia aende na bukta yake.