Wiki tatu za Juni Kibosho: safari fupi ya masomo inafundisha nini?

Kila mwaka, masika yanapokaribia kwisha, makundi ya wanafunzi kutoka vyuo vya Marekani na Ulaya huanza kuonekana mjini Moshi. Hukaa wiki mbili au tatu, mara chache nne. Hulala kwa familia za wenyeji, asubuhi hujifunza Kiswahili, mchana hutembelea shule, zahanati au vyama vya ushirika, na mwishoni huandika ripoti inayohesabiwa katika masomo yao. Mimi ni mmoja wa wanaowafundisha Kiswahili, na kila msimu wenzangu huniuliza swali lilelile: hayo ni masomo, au ni matembezi yaliyopewa alama?

Wanaobeza wana hoja. Lugha haijifunzwi kwa wiki tatu. Mgeni anayeondoka akiwa na salamu, namba na majina ya vyakula bado anamtegemea mkalimani kwa kila jambo lenye uzito. Upande wa afya hoja ni nzito zaidi, kwa sababu mwanafunzi ambaye kwao haruhusiwi kushona kidonda anaweza kufika kwenye zahanati yenye wahudumu wachache akakuta hakuna wa kumzuia, na mgonjwa hana njia ya kujua kwamba aliyevaa koti jeupe yuko mwaka wa pili. Hapo sioni cha kupima: ni kosa, awe amekuja kwa wiki tatu au kwa miezi sita.

Wanaotetea nao hawasemi ovyo. Muhula mzima ugenini ni wa mwenye nafasi. Mwanafunzi anayefanya kazi ili ajilipie ada, anayemuuguza mzazi, au anayesoma uhandisi ambao ratiba yake haina pengo, hawezi kuondoka kwa miezi minne. Ulaya imelikubali hilo rasmi: tangu 2021 Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kupeleka wanafunzi kusoma nchi nyingine, unaruhusu safari za siku 5 hadi 30 kwa wasioweza kukaa muda mrefu, zikiunganishwa na masomo ya mtandaoni. Kuzifuta safari fupi ni kuwaachia dunia watoto wa wenye uwezo peke yao.

Mabishano haya, hata hivyo, yanahesabu siku tu, na kwa niliyoyaona siku si kipimo kizuri. Mwanafunzi mmoja kutoka Marekani alikuja mwezi Juni kujifunza ushirika wa kahawa, na alikuwa amechagua mahali panapofaa, kwa kuwa wakulima wa Kilimanjaro walianza kujiunga katika chama chao mwaka 1925 na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikasajiliwa mwaka 1933. Aliwekwa kwa mama mmoja wa Kibosho, kwenye miteremko ya mlima juu ya mji wa Moshi, akawa na dodoso lenye swali la kwanza kabisa: mmiliki wa shamba ni nani? Mama, akiwaza kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, alijibu bila kusita, “Ni cha mzee.” Mwanafunzi akaandika kwamba mmiliki ni mume, akaendelea na swali la pili.

Siku ya tisa au ya kumi, akimsaidia mama kukata majani ya ng'ombe, alilikuta kaburi chini ya migomba, akauliza ni la nani. Lilikuwa la mzee huyohuyo, baba mkwe, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Kihamba kilikuwa bado chake kwa maana ambayo dodoso halikuwa na nafasi ya kuiandika: mama anakilima, kijana wa mwisho anakingojea, kaka zake walioko mijini wana neno la kusema, na aliyelala pale ndiye anayefanya kisiuzwe. Jioni ile mwanafunzi alilifuta jibu lake la kwanza. Angekuwa amelala hotelini mjini na kuletwa kwa gari kufanya mahojiano ya saa mbili, kosa lile lingekwenda naye Marekani likiwa takwimu. Wiki tatu zilitosha, kwa sababu alilala pale na kushika panga.

Ripoti hiyohiyo, ambayo niliisoma baadaye, ilikuwa na hitimisho mawili yaliyonishangaza. La kwanza lilisema kahawa haina tena nafasi kubwa katika maisha ya kaya, kwa kuwa kwa wiki tatu hakumwona mtu akichuma. La pili lilisema vijana wamekitelekeza kijiji na kuwaachia wazee. Juni! Kahawa ya mlimani kwetu huchumwa kwa wingi kuanzia Julai na kuendelea mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Juni buni bado ni mbichi mtini. Na kuhusu vijana, angekuja wiki ya Krismasi angekuta magari yamejipanga hadi kwenye kingo za mifereji, wajukuu wasiohesabika, mbuzi wanachinjwa, na vikao vya ukoo ambako mambo ya kihamba ndiyo huamuliwa. Sisemi kwamba vijana hawahami, wala kwamba kahawa haijashuka. Mama mwenyewe aling'oa sehemu ya mibuni akapanda mboga. Nasema ushahidi aliokuwa nao haukuwa wa mambo hayo, ulikuwa wa mwezi.

Kuongeza wiki kusingemsaidia sana. Angekaa hadi katikati ya Julai angeona mwanzo wa kuchuma, lakini Desemba ingebaki mbali vilevile. Kalenda ya safari hizi hupangwa kufuata likizo za chuo kinachotuma, na jambo linalochunguzwa hulazimika kujipenyeza humo. Hilo halitabadilika, kwa hiyo kinga pekee ni mtu anayeijua miezi mingine yote kuisoma ripoti kabla haijafungwa. Mama wa Kibosho angelitengua hitimisho la kahawa kwa sentensi moja. Hakuulizwa. Alilipwa fedha za chakula na malazi, alishukuriwa kwa dhati, akakumbatiwa. Lakini ripoti ilikwenda kwa Kiingereza kwa mwalimu asiyewahi kufika Kibosho.

Njia ya kurudisha ugeni huo nayo ni nyembamba. Kijana wa Moshi anayetaka wiki tatu Marekani lazima aende kwenye usaili wa viza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, akiwa ameshalipa ada isiyorudishwa hata akinyimwa. Kwa hiyo wale wanaoandikwa ni nadra kupata nafasi ya kwenda kuwaandika wenzao.

Ndiyo maana siungi mkono kuzifuta safari hizi, wala siamini kwamba zinafaa kama zilivyo. Mgeni aunganishwe tangu siku ya kwanza na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambaye naye apate alama kwa kazi hiyo, na rasimu isomwe kwa Kiswahili mbele ya kaya iliyoitoa kabla mgeni hajapanda ndege. Waratibu niliowaeleza hili hunijibu kwamba muda hautoshi. Siku mbili zingetosha, na ratiba niliyoiona inatenga siku tatu za mwisho kwa Tarangire na Ngorongoro. Mimi ningeanza kukata hapo.